Barua ya wazi kwa wenye baa na hoteli za Arusha zinazoweka bendi

Kwa: Wamiliki na mameneja wa baa, hoteli na kumbi zenye bendi za muziki, Jiji la Arusha.
Nakala: Ofisa Utamaduni wa Jiji.

YAH: MALIPO NA MAZINGIRA YA KAZI YA WANAMUZIKI WA BENDI

Ndugu Wakurugenzi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga gitaa la besi. Kazi hii nimeifanya hapa Arusha kwa miaka kumi na moja, na minne ya mwisho niko na bendi ya watu sita inayopiga nyimbo za kopi: rumba, zilipendwa, rege, bongofleva, na zile za Kizungu ambazo wageni wa safari huziomba kabla hawajaenda kulala. Tunapiga usiku nne kwa wiki, Alhamisi mpaka Jumapili, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 8. Wengi wenu mnanijua kwa sura ingawa jina hamlijui. Mimi ndiye yule anayesimama nyuma upande wa kushoto, karibu na dramu.

Kabla ya kuja hadharani tulipita mlango wa ndani. Mwaka jana, masika yalipoisha, tulimwandikia barua mwenye ukumbi tunaopigia. Kimya. Tukaenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza bosi yuko Dar. Mara ya pili bosi yuko kikaoni. Mara ya tatu tulimkuta, akatukaribisha vizuri, akatuagizia soda, akasema ametuelewa. Ijumaa iliyofuata tulifika na vyombo vyetu tukakuta bendi nyingine inafunga waya jukwaani. Tuliitwa tena baada ya wiki tatu, kwa malipo ya chini kuliko yale tuliyoyalalamikia.

Ukumbi huo sitautaja. Nimezungumza na wenzangu wanaopiga Njiro, Sakina, Kijenge na hadi Usa River, na wote wamenisimulia mambo yaleyale. Kwa hiyo barua hii ni yenu nyote, na wachache kati yenu mnaotutendea haki mtajijua na mtaniwia radhi.

1. Malipo yetu kufungwa kwenye mauzo ya baa

Hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo: shilingi 240,000 kwa usiku, yaani 40,000 kwa kila mmoja. Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu magharibi. Watu walikuja, lakini si wengi. Tulipiga saa zetu zote tano. Saa nane na nusu usiku nilisimama kaunta na kiongozi wa bendi, vidole vyangu vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi, tukimtazama meneja akihesabu. Alihesabu noti za elfu kumi juu ya kaunta iliyolowa bia, akazisukuma kwetu zikiwa kwenye kile kisahani cha kuletea bili. Zilikuwa kumi na mbili. "Kaka, leo watu hawakunywa, umeona mwenyewe. Chukueni hizi, nyingine tutaangalia wiki ijayo." Wiki ijayo ilipofika akasema ya wiki iliyopita yameshapita.

Elfu ishirini. Bodaboda ya kunifikisha kwangu, mtaa wa Kwa Mrombo, saa hizo na gitaa mgongoni ni elfu sita. Inabaki kumi na nne, na nyumbani kuna watoto wawili wanaosoma.

Nawaomba mfikirie hili kwa utulivu. Usiku ule mchoma nyama alilipwa chake. Mlinzi alilipwa. Bia zilizobaki zilirudi kwenye friji zikisubiri kesho. Umeme wa LUKU mlishaununua kabla ya kuwasha taa, na hakuna anayewapigia simu TANESCO kuwaambia wateja wamekuwa wachache kwa hiyo warudishe nusu ya hela. Kitu kimoja tu ndani ya ukumbi kilibeba hasara ya mvua, nacho ni bendi. Na sebene tuliyopiga usiku ule, ile sehemu ya wimbo ambayo magitaa yanachanganya na watu wanacheza, haiwezi kurudi kwenye friji.

Najua mtasema biashara ina msimu. Ni kweli, na sisi tunaishi hapa. Aprili na Mei mji huu unapoa, magari ya safari yanaegeshwa, na hata wenyeji wanajifungia ndani kwa mvua na baridi. Lakini masika hayaji kwa kushtukiza. Kama Mei hamwezi kulipa 240,000, tuiteni Machi tukubaliane 160,000 kwa miezi hiyo miwili, na mtu asiyeiweza akatafute kwingine mapema. Tunachokataa ni bei kutajwa kazi ikiwa imeshakwisha. Tena huo mchezo wa mauzo huwa unakwenda upande mmoja. Desemba, Wachaga na Wameru wanaporudi nyumbani kutoka mijini na ukumbi unajaa mpaka watu wanakunywa wamesimama, hakuna meneja aliyewahi kutuambia, "Jamani leo tumeuza sana, ongezeni hii."

Mtasema pia kwamba wateja wanatutunza. Njoni mtazame anayetunzwa. Mteja akifurahi anapanda jukwaani na noti mkononi, anambandika mwimbaji kwenye paji la uso, basi. Mpiga gitaa la solo naye hupata akipiga vizuri karibu na meza. Mpiga dramu na mpiga besi tuko nyuma ya spika. Sisi sita tumekubaliana kugawana, na nashukuru kwa wenzangu, lakini hiyo ni zawadi ya mteja kwa hiari yake. Meneja hawezi kuichukulia zawadi ya mtu mwingine kuwa mshahara wangu.

2. "Ninyi si waajiriwa wetu"

Kauli hii nimeambiwa na mameneja watatu tofauti. Nimeichukulia kwa uzito, nikaenda kusoma.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa. Namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na huyo mwingine. Saa zake zinapangwa na huyo mwingine. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa vifaa vya kazi. Au, kwa miezi mitatu iliyopita, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Sisi ninyi ndio mnatupangia saa ya kupanda na ya kushuka. Mnatupangia nyimbo, mnatupangia hata shati. Usiku nne kwa wiki, saa tano kila usiku, ni kama saa 80 kwa mwezi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ikitaka kila saa ya usiku iongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kazi yetu yote iko ndani ya saa hizo.

Sijaandika haya ili kuwatisha. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ipo na tunajua ilipo, lakini mwanamuziki aliyefika huko na mwajiri wake huwa hapandi tena jukwaa lile, na sisi tunataka kupiga. Nimeyaandika ili ile sentensi ya "si waajiriwa wetu" isitumike tena kama mlango wa kufungia mazungumzo.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii. Bendi ya NUTA Jazz ilipoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, wapigaji wake waliajiriwa kwa mshahara. Wazee wetu walipiga rumba ileile tunayoikopi leo huku wakijua mwisho wa mwezi kuna kitu. Na mji huu wenyewe una historia yake. Ndugu wa familia ya Kinyonga walipotoka Tanga 1970 walikuja hapa wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walishavuka kwenda Nairobi, na huko ndiko walikoijenga bendi ya Simba Wanyika iliyokuja kusikika Afrika Mashariki nzima. Kila Ijumaa wateja wenu wananiomba nipige kazi zao, na kila nikizipiga nawaza kwamba vijana hao tuliwahi kuwa nao hapa. Mpiga kinanda wetu naye aliondoka mwaka juzi, akaenda hoteli moja Zanzibar. Kilichomtoa Arusha ni karatasi ya ukurasa mmoja inayoonyesha analipwa kiasi gani na tarehe ngapi.

3. Umeme wa jukwaani

Hili naliandika nikiwa na kovu ndogo kwenye mdomo wa chini.

Julai mwaka juzi tulikuwa tunapiga bustanini. Umande ulishashuka, saruji ya jukwaa imelowa. Mimi huwa naitikia viitikio, kwa hiyo nina maikrofoni yangu. Nilishika nyuzi za besi kwa mikono yote miwili, nikasogea kuitikia, mdomo ukagusa ule wavu wa chuma. Sikusikia maumivu mwanzoni. Nilisikia kama mtu amenipiga kofi kutokea ndani ya kichwa, na vidole vikakaza shingoni mwa gitaa vikakataa kuachia. Nilianguka juu ya dramu. Shingo ya gitaa ilipasuka karibu na funguo, na fundi alichukua 70,000 kuirudisha.

Mpiga dramu ndiye aliyekwenda kuangalia. Amplifaya ya besi, mali ya ukumbi, ilikuwa na plagi ya miguu miwili. Ili iingie kwenye soketi ya matundu matatu, mtu alikuwa ameshindilia kijiti cha kuchokolea meno kwenye tundu la juu. Tundu hilo ndilo la waya wa ardhini, waya unaoubeba umeme uliovuja na kuupeleka chini badala ya kuupitisha kwenye mwili wa mtu. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya kupitia waya wa gitaa. Maikrofoni imeunganishwa na miksa, ambayo siku hiyo ilichomekwa upande mwingine wa bustani. Amplifaya ikivuja na haina njia ya kwenda ardhini, umeme hutafuta njia nyingine. Usiku ule njia ilikuwa mimi, kutoka viganjani hadi mdomoni, na katikati hapo ndipo ulipo moyo.

Meneja alinipa pole, kisha akanishauri kesho nije na kandambili za mpira. Kijiti kilibaki palepale kwa wiki nyingine mbili, mpaka tulipokitoa wenyewe na kumlipa fundi wetu abadilishe plagi.

Tunachoomba hapa hakihitaji bajeti ya mwaka. Vyombo vyote vya jukwaani vichomekwe sehemu moja yenye waya wa ardhini uliopimwa na fundi mwenye leseni. Hapo hapo iwekwe swichi ya kinga, ile inayokata umeme yenyewe papo hapo ukivuja hata miliampea 30. Na jukwaa la nje liwe na paa.

4. Kupunguza besi

Siku hizi mtindo ni kupunguza bendi ibaki watu watatu, na wa kwanza kuondolewa ni mpiga besi. Tunaambiwa kinanda kitapiga besi kwa mkono wa kushoto, au kompyuta itajaza.

Mwenye fedha ana haki ya kuchagua bendi ya watu wangapi. Ila naomba mjue mnachokiondoa. Katika rumba besi haijazi kila pigo. Inaacha nafasi, inaingia, inanyamaza tena, na kiuno cha mchezaji kinafuata ile nafasi. Sebene ikifunguka, solo inaweza kuruka inakotaka kwa sababu besi na dramu zimeshika chini. Usiku mmoja amplifaya yangu ilizima katikati ya sebene. Gitaa nyingine zote, dramu na waimbaji waliendelea. Wachezaji walikwenda hatua mbili tatu, kisha mmoja mmoja wakasimama, na mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa akageuka akauliza, "Umeme umekatika?" Taa zote zilikuwa zinawaka.

Upo upande wa pili, nao nauheshimu: majirani. Sauti nzito hupenya ukuta kirahisi kuliko sauti nyembamba, na uzi mzito kabisa wa besi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo mzee anayelala nyuma ya ukumbi anatusikia mimi na dramu kabla ya mwimbaji. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zipo, na wasimamizi wa mazingira wa NEMC wakija mnaotozwa faini ni ninyi. Lakini kumwambia mpiga besi "shusha" kila baada ya dakika kumi, huku dijei wakati wa mapumziko anapandisha mpaka glasi zinacheza mezani, hakumsaidii jirani. Spika zielekezwe ndani, zisiegemezwe ukutani, na kiwango kiwe kimoja kwa bendi na kwa dijei. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi za burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Kifaa cha kupimia kiwepo, meneja akishike mwenyewe. Itatusaidia na sisi, maana sikio langu la kulia, la upande wa dramu, linalia mpaka asubuhi.

5. Waimbaji wa kike na safari ya kurudi nyumbani

Nimemwomba ruhusa mwimbaji wetu kabla ya kuandika haya, naye amenikubalia.

Mara mbili ameambiwa na meneja wakati wa mapumziko aende akakae meza fulani "kuwachangamsha wageni". Alipokataa, wiki hiyo jina lake lilikatwa kwenye malipo kwa madai kwamba alichelewa, ilhali tulifika naye kwenye gari moja. Dada huyu ameajiriwa kuimba. Wakurugenzi, wengi wenu mna mabinti. Waambieni mameneja wenu waziwazi, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba mwimbaji akishuka jukwaani yuko mapumzikoni, na hapelekwi meza ya mtu yeyote.

Na kazi ikiisha saa nane usiku, mnafunga geti na sisi tuko nje. Gari la kuwarudisha wahudumu mnalo. Litupitishe na sisi, angalau mpaka barabara kubwa.

Tunaomba nini

Tunaomba karatasi moja, yenye sahihi mbili. Iandikwe kiasi cha malipo kwa msimu wa wageni na kwa masika. Iandikwe saa ya kuanza na ya kumaliza, na kwamba fedha yote inalipwa usiku uleule kabla vyombo havijafungwa. Iandikwe itakuwaje umeme ukikatika au mvua ikivunja shoo. Iandikwe kwamba upande wowote ukitaka kuachana utoe taarifa wiki mbili kabla. Ada za hakimiliki kwa nyimbo mnazofanyia biashara zilipwe na ukumbi, zisikatwe kwenye fedha ya bendi kama tulivyokatwa sisi Novemba. Na suala la umeme lishughulikiwe kabla ya yote, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri kikao.

Mkisema bendi ni nyingi na wapo vijana watakaopiga kwa elfu kumi, ni kweli wapo. Nimewafundisha baadhi yao. Nao mwaka ujao watakuwa wamesimama kwenye kaunta ileile saa nane na nusu.

Kwa Ofisa Utamaduni wa Jiji, ombi letu ni moja: utuitie kikao cha pamoja, wenye kumbi na wanamuziki, kabla ya Juni msimu haujaanza. Tutakuja siku yoyote kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, mchana. Rasimu ya ile karatasi tumeshaiandika, na tutakuja na nakala za kutosha.

Alhamisi tutakuwa jukwaani saa 3 usiku kama kawaida. Mwenye jibu anaweza kunikabidhi palepale.

Wenu katika kazi,

Mpiga besi,
kwa niaba ya wenzangu watano,
Arusha.